Changamoto na mijadala katika uhandisi wa familia za programu

Uhandisi wa familia za programu (pia: uhandisi wa mistari ya bidhaa za programu) ni njia ya kuunda programu za kompyuta ambapo bidhaa kadhaa zinazofanana hutengenezwa kutoka kwenye kiini kimoja cha pamoja, badala ya kila moja kuandikwa peke yake tangu mwanzo. Lengo lake ni kupunguza gharama na makosa, na kumfikishia kila mtumiaji programu inayolingana na mahitaji yake.

Ugumu wa njia hii uko katika maswali mawili: ni mambo gani yawe ya pamoja na yapi yaachwe yatofautiane, na nani mwenye mamlaka ya kuamua hivyo. Katika Afrika Mashariki maswali hayo yamejitokeza hasa kwenye mifumo ya taarifa za afya, ambayo msimbo wake hutumiwa na nchi nyingi kwa wakati mmoja.

## Dhana za msingi

Familia ya programu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni *kiini*, yaani msimbo, hifadhidata, michoro na majaribio ambayo bidhaa zote hutumia. Ya pili ni *tofauti*, yaani mambo yanayobadilika kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Mahali ambapo kiini kimeachwa wazi ili kipokee tofauti huitwa *nukta ya tofauti*. Jambo ambalo mtumiaji anaweza kulichagua au kuliacha huitwa *kipengele*.

Kwa mfano, zahanati ya kijijini na hospitali ya mkoa kama Kitete mjini Tabora zote huandikisha wagonjwa, hutunza kumbukumbu za matibabu na kuhesabu dawa. Hayo yanaweza kuwa kiini. Hospitali ya mkoa ina wodi na chumba cha upasuaji, na zahanati haina. Hivyo moduli ya wodi inakuwa kipengele cha kuchagua. Kazi huwa ngumu pale ambapo zahanati na hospitali hufanya jambo lenye jina moja kwa namna mbili, kama vile kupokea malipo au kumpa mgonjwa rufaa.

Kazi yenyewe hugawanywa katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza hujenga kiini na kuorodhesha tofauti zinazoruhusiwa. Ngazi ya pili huchukua kiini hicho, huchagua vipengele na kutoa bidhaa kamili. Mara nyingi ngazi hizo hufanywa na vikundi tofauti vya watu, na migogoro mingi huanzia hapo.

## Historia

Wazo la kutumia tena vipande vya programu lilitolewa na Douglas McIlroy mwaka 1968 katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani. Alitaka vipande vya programu vizalishwe kwa wingi na kupatikana kwa aina na ukubwa mbalimbali, kama viwanda vingine vinavyozalisha vipuri. Mwaka 1976 David Parnas alieleza kwamba programu zinazofanana zichunguzwe kwanza kwa yale zinayoshiriki, kisha kwa yale yanayozitofautisha. Alizitaja programu za namna hiyo kuwa ni familia.

Mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake katika Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa mbinu ya kuchora vipengele kwa umbo la mti. Mchoro huo huonyesha vipengele vya lazima, vya hiari, na vile visivyoweza kukaa pamoja. Bado ndiyo msingi wa zana nyingi za fani hii.

Miongoni mwa kampuni zilizotajwa mapema kuwa mfano ni CelsiusTech ya Sweden. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilipata kazi mbili kubwa za mifumo ya meli za kivita, moja ya Sweden na nyingine ya Denmark. Iliamua kujenga msingi mmoja kwa ajili ya zote. Mwaka 2001 Paul Clements na Linda Northrop walichapisha kitabu kilichokusanya uzoefu wa namna hiyo, na tangu hapo fani imefundishwa katika vyuo vikuu vingi.

## Mifano ya Afrika Mashariki

Mifumo mitatu ifuatayo ni programu huria. Waundaji wake kwa kawaida huiita jukwaa au jumuiya, lakini matatizo yake ni yaleyale ya familia za programu: kiini kimoja na watumiaji wengi wenye mahitaji tofauti.

### OpenMRS

OpenMRS ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004. Chimbuko lake ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, Kenya, na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, katika kuhudumia watu wenye virusi vya UKIMWI. Kabla yake kulikuwa na mfumo mdogo katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Idadi ya wagonjwa ilipoongezeka, mfumo mkubwa zaidi ulihitajika. Shirika la Partners In Health lilikuwa na haja kama hiyo, na wahusika wakaamua kujenga msingi mmoja. Mwaka 2006 OpenMRS ilianza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda.

Waundaji waliweka tofauti katika sehemu mbili. Kwanza, maswali na vipimo vya kitabibu havikuandikwa ndani ya msimbo. Viliwekwa katika kamusi ya dhana ndani ya hifadhidata, hivyo kituo kinaweza kuongeza kipimo kipya bila kumwita mwandishi wa programu. Pili, kazi za ziada huongezwa kwa moduli. Kutokana na msingi huo yalitokea matoleo ya kitaifa kama KenyaEMR na UgandaEMR, kila moja likiwa na fomu na ripoti za wizara ya afya ya nchi husika.

### DHIS2

DHIS2 hukusanya takwimu za afya kutoka vituoni. Asili yake ni mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, mara baada ya mwisho wa ubaguzi wa rangi. Kiini chake huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 kwa kutumia seva ya pamoja badala ya kuuweka katika kompyuta ya kila wilaya. Tanzania Bara ilifikisha mfumo huo katika wilaya zote mwaka 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 70.

Nchini Tanzania DHIS2 hupokea takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mhudumu hujaza vitabu vya MTUHA, hujumlisha, kisha takwimu huingizwa katika mfumo. Fomu, viashiria na ngazi za utawala (kituo, halmashauri, mkoa, taifa) hupangwa na nchi yenyewe bila kugusa msimbo wa kiini. Kwa mahitaji zaidi ya hayo, nchi inaweza kuandika programu tumizi ndogo inayokaa juu ya kiini.

### eLMIS

eLMIS ni mfumo wa ugavi wa dawa ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2013. Uliundwa kwa pamoja na Zambia kutokana na msingi wa OpenLMIS. Kituo cha afya hutoa ripoti ya dawa zilizotumika pamoja na maombi ya dawa mpya. Maombi hupitiwa wilayani, kisha hufika Bohari ya Dawa, ambayo ina ofisi za kanda katika miji kadhaa, Tabora ikiwa mojawapo.

Matoleo ya kwanza ya OpenLMIS yalionyesha hatari ya familia kusambaratika. Nchi zilipohitaji mambo yao, msimbo ulinakiliwa na kurekebishwa kando. Matawi yakaachana, na maboresho ya tawi moja hayakuweza kupelekwa kirahisi kwenye jingine. Jumuiya ya OpenLMIS ililazimika kuusanifu mfumo upya. Toleo la 3, lililotoka mwaka 2017, liligawanywa katika huduma ndogondogo zenye sehemu za kupachika nyongeza, ili nchi ipate tofauti zake bila kujitenga na kiini.

## Changamoto

### Gharama ya kuanza

Kujenga kiini kinachofaa bidhaa nyingi hugharimu zaidi ya kujenga bidhaa moja. Faida huonekana baadaye, na vitabu vingi vya fani hii hutaja bidhaa ya tatu hivi kuwa ndipo gharama huanza kurudi. Anayelipia bidhaa ya kwanza hubeba mzigo ambao wengine watafaidika nao. Pale ambapo fedha hutolewa na mfadhili kwa mradi mmoja, katika nchi moja, kwa miaka michache, ni vigumu kupata fungu la kutunza kiini. Fedha za kuongeza ripoti mpya hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko fedha za kusafisha msimbo wa zamani.

### Wingi wa michanganyiko

Vipengele 10 vya kuchagua ndiyo au hapana hutoa michanganyiko 1,024. Vipengele 20 hutoa michanganyiko 1,048,576. Vipengele 33 hutoa zaidi ya bilioni 8.5, idadi inayozidi watu wote waliopo duniani. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kina chaguo zaidi ya 10,000. Haiwezekani kujaribu kila mchanganyiko.

Wahandisi hupunguza tatizo kwa kuweka masharti ya vipengele gani viende pamoja, na kwa kutumia zana za kimantiki zinazokagua mchoro wa vipengele. Njia nyingine ni kujaribu kila jozi ya vipengele angalau mara moja, kwa kuwa hitilafu nyingi hutokana na kipengele kimoja au kukutana kwa viwili. Hata hivyo, hitilafu inayohitaji vipengele vitatu au vinne inaweza kubaki imejificha mpaka kituo fulani kichague mchanganyiko huo.

### Vipengele kugongana

Vipengele viwili vinaweza kufanya kazi vizuri kila kimoja peke yake na kuharibu vinapokutana. Mfano wa zamani ni wa simu. Kipengele kimoja humjulisha mtu anayezungumza kwamba kuna simu nyingine inaingia. Kingine huhamisha simu kwenda namba nyingine ikiwa mtu anazungumza. Mteja akiwa navyo vyote, mfumo haujui ufuate kipi.

### Kutumia tena bila kukagua mazingira

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa mara ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na mwendo tofauti. Namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na kompyuta za uelekezaji zikasimama. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuonyesha kwamba kiini kilichothibitishwa katika bidhaa moja hakijathibitishwa katika nyingine.

### Kasoro ya pamoja

Sehemu ya pamoja hueneza ubora pamoja na kasoro. Desemba 2021 kasoro kubwa ya usalama ilitangazwa hadharani katika Log4j, kipande kinachotumiwa na programu nyingi za lugha ya Java. Wenye mifumo kote duniani walilazimika kuisahihisha kwa haraka. Katika familia iliyoshikamana, sahihisho hufanywa kwenye kiini na kusambazwa. Tawi lililojitenga linahitaji mtu wake wa kulitafuta tatizo na kulisahihisha, na mtu huyo anaweza kuwa ameshaondoka mradi ulipokwisha.

### Kuhamia toleo jipya

Kiini huendelea kubadilika, ilhali bidhaa zilizoko vituoni haziwezi kubadilishwa kila mwezi. Kuhamia toleo jipya huhitaji nakala ya akiba, majaribio na mafunzo kwa watumiaji. Mfumo wa seva moja ya taifa hurahisisha kazi hiyo, lakini hutegemea intaneti. Mfumo uliowekwa kwenye kompyuta ya kila kituo huendelea kufanya kazi intaneti ikikatika, lakini mafundi hulazimika kufika kituo kimoja baada ya kingine. Kwa mikoa yenye eneo kubwa na vituo vilivyotawanyika, kama Tabora, uamuzi huo una uzito.

## Mijadala

### Kunakili au kushiriki

Njia ya kawaida ya kutengeneza bidhaa ya pili ni kunakili ya kwanza na kuirekebisha. Wataalamu wengi wa awali waliiona kuwa ni uzembe. Baadaye ilikubalika kwamba ina faida zake: ni ya haraka, haihitaji idhini ya mtu mwingine, na haiharibu bidhaa iliyopo. Madhara yake hujitokeza nakala zinapokuwa nyingi na kila sahihisho kulazimika kurudiwa.

Charles Krueger alieleza njia tatu za kuingia katika familia ya programu: kupanga familia yote mapema, kuikuza bidhaa moja baada ya nyingine, au kuchambua bidhaa zilizopo na kutoa kiini ndani yake. Njia ya tatu huzifaa taasisi nyingi, kwa sababu mara nyingi nakala huwa zimeshakuwepo kabla ya mtu kufikiria familia.

### Kupanga mapema au kwenda hatua kwa hatua

Mbinu za awali zilitaka uchambuzi mrefu wa mahitaji ya familia nzima. Wafuasi wa uundaji wepesi, uliopata tamko lake mwaka 2001, hujibu kwamba hakuna anayejua mahitaji ya miaka kumi ijayo, na kwamba nukta ya tofauti isiyotumika ni mzigo. Wapinzani wao husema kwamba kiini kisichopangwa hubeba desturi za mteja wa kwanza, na wateja wanaofuata hulazimika kuishi nazo. Ikiwa nchi ya kwanza huagiza dawa kila mwezi na msimbo ukaandikwa hivyo, nchi inayoagiza kila miezi miwili itahitaji marekebisho mengi.

### Usanidi au msimbo

Kuacha kila kitu kipangwe na mtumiaji huondoa haja ya kuandika msimbo, lakini huhamisha ugumu badala ya kuuondoa. Mfumo wenye fomu na kanuni nyingi zilizopangwa huhitaji mtaalamu wa upangaji, na makosa ya upangaji mara nyingi hayapitii majaribio kama msimbo. Aidha, vituo viwili vinaweza kuita kipimo kimoja kwa majina mawili, na takwimu zao zisijumlishike. Kwa hiyo wengine hudai kwamba baadhi ya tofauti zizuiwe kwa makusudi.

### Nani anamiliki kiini

Huu ndio mjadala mkubwa zaidi kwa nchi zinazotumia mifumo iliyoongozwa kutoka nje. Leseni huria humpa kila mtu haki ya kuusoma na kuubadilisha msimbo. Lakini anayeweka orodha ya kazi za toleo lijalo ndiye mwenye uamuzi halisi. Ombi la wilaya moja hupita wizarani, kwa wataalamu wa nchi, hadi kwenye kundi la kiini, ambako hushindana na maombi ya nchi nyingi.

Upande mmoja husema kwamba nchi ijenge mfumo wake. Tanzania ina GoT-HoMIS, mfumo wa uendeshaji wa hospitali ulio chini ya serikali. Upande wa pili husema kwamba kujenga peke yako ni kubeba peke yako gharama zote za matengenezo. Katikati wako wanaotaka nchi zibaki katika familia huku zikiwa na wataalamu wenye uwezo wa kubadilisha kiini, na si kukisanidi tu. Dalili kwamba mawazo yanaweza kutoka pembeni kwenda katikati ilionekana mwaka 2020: wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza juu ya DHIS2 mfumo wa kufuatilia wasafiri wakati wa UVIKO-19, na kazi yao ikawa msingi wa vifurushi vilivyotumiwa na nchi nyingine.

### Je, fani bado inahitajika?

Baadhi ya watafiti huuliza kama jina la fani hii limepitwa na wakati, kwa kuwa programu nyingi sasa hujengwa kwa huduma ndogondogo, viongezi na maduka ya programu tumizi. Wengine hujibu kwamba zana hizo zimebadilisha mahali pa kuweka tofauti, lakini hazijaondoa kazi ya kuamua nini kiwe cha pamoja. Kwa mujibu wao, kiongezi kinachoacha kufanya kazi baada ya kiini kubadilishwa ni tatizo lilelile la zamani katika umbo jipya.

## Tazama pia

* Uhandisi wa programu
* Programu huria
* Hifadhidata
* Mfumo endeshi
* Bohari ya Dawa
* Tabora (mji)